Zimamoto ya kujitolea vijijini Pennsylvania: maji wanayo, swali ni nani yupo saa nane mchana

Ukihama mjini Lancaster ukaenda kupanga au kununua nyumba kule mashambani, ipo huduma moja utakayoipata bila kutia saini popote: zimamoto. Ukipiga 911, wanaokuja si askari wa zamu kama wale wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji unaowaita kwa 114 ukiwa Dar es Salaam. Ni fundi bomba, mwalimu, muuza matairi, na katika kaunti hii hata wakulima wa Kiamishi, Wakristo wa dhehebu la maisha ya kale, ambao gari hawaendeshi lakini mpira wa maji wanaushika kama wengine. Mshahara hawana. Takriban theluthi mbili ya wazimamoto wote wa Marekani ni wa kujitolea, kwa hiyo hili si jambo la pembeni.

Mtu aliyetoka Bukavu au Kigoma akatua huku ana haki ya kuuliza: asiyelipwa ataamka kweli saa tisa usiku, theluji imefika magotini, aje kuzima nyumba ya mtu asiyemjua? Ataamka, tena mbio. Saa tisa usiku watu wako vitandani mwao, jirani na kituo. Huduma hii huyumba saa nane mchana, siku ya kazi. Tunapima mfumo wenyewe kama ulivyo katika vitongoji vya Pennsylvania; kituo hatutaji, maana vituo hutofautiana hata vikiwa maili tano kutoka kimoja hadi kingine.

Majina kwanza, kwa sababu yanapotosha

Ubao wa kituo utasema "Volunteer Fire Company", na mgeni atadhani ni biashara. Ni chama. Neno limeshikilia tangu 1736, Benjamin Franklin na wenzake walipoanzisha Union Fire Company huko Philadelphia: majirani walioahidiana kukimbilia moto wakiwa na ndoo za ngozi na mifuko ya kitani, ndoo za maji, mifuko ya kuokolea vyombo visiibwe. Ila neno hilohilo lina maana ya pili. Kundi linalopanda gari moja chini ya ofisa mmoja nalo huitwa kampuni. Kwa hiyo kampuni moja, ile ya ubaoni, inaweza kupeleka motoni kampuni tatu, na ukisikiliza redio bila kulijua hilo utachanganyikiwa.

Magari nayo yana mtego. Enjini ndilo gari lenye pampu, mipira na tangi. Neno "truck", ambalo mtaani ni lori lolote, kwao ni gari la ngazi peke yake, na mengi ya magari hayo hayabebi maji ya kutosha kuzima chochote cha maana. Ukisikia truck imefika, usishangilie maji bado. "Tanker" ni boza letu la maji. Hapo napo kuna kichekesho cha hatari: huku mashariki tanker ni boza, lakini majimbo ya magharibi tanker ni ndege ya kumwagia moto wa misitu na boza huitwa tender. Mkuu wa kikosi akiomba tanker kwenye moto wa nyika, mwenzake wa jimbo jingine anatazama juu.

"Box" si boksi. Zamani kwenye nguzo za mitaani kulikuwa na visanduku vya telegrafu vya kuitia zimamoto, kila kimoja na namba yake. Visanduku vimeng'olewa sehemu nyingi, namba zikabaki kama namba za maeneo, na kila namba ina orodha iliyoandikwa mapema: nani aitwe kwanza, boza la nani lifuate, nani aje moto ukizidi. Na haidranti, bomba la kando ya barabara la kuchotea maji ya kuzimia moto, wazee huiita "plug", kigingi, kwa kuwa mabomba ya zamani yalikuwa ya mbao: walifukua, wakatoboa, wakachota, kisha wakaziba tundu kwa kigingi.

Vyeo viko vya namna mbili. Rais wa chama, mweka hazina na wadhamini wanashika majengo na pesa. Chifu, kapteni na luteni wanaamrisha motoni. Rais mwenye mvi anaweza kuamrishwa na luteni wa umri wa mjukuu wake, naye akatii. Ukiwa na malalamiko kuhusu risiti ya mchango, mtafute wa kwanza. Ukiwa na malalamiko kuhusu dari lako kubomolewa, mtafute wa pili.

Dakika

Mlolongo wenyewe ni huu. Simu inapokelewa na kituo cha 911 cha kaunti, si na kampuni. Vituo vingi huunganisha mkalimani kwa simu, kwa hiyo taja neno "Swahili" mapema, lakini kabla ya hapo toa anwani hata kwa Kiingereza cha kuokoteza: namba ya nyumba, barabara, kitongoji. Mkalimani huchukua muda kupatikana, anwani haingoji. Mpokeaji akishaipata, anapiga mlio wa peja wa kampuni husika. Peja inalia kiunoni au mezani kwa mwanachama, na penginepo king'ora cha juu ya paa la kituo kinalia kijiji kizima kisikie. Mwanachama anaacha anachofanya, anaendesha gari lake hadi kituoni, anavaa, wanangojana mpaka wapatikane dereva mwenye sifa na watu wa kutosha, ndipo enjini inatoka.

Ile taa ya buluu utakayoiona kwenye gari dogo la mtu anayekimbilia kituoni ni ya kuomba njia tu. Haimpi ruhusa ya kukatiza taa nyekundu wala kuzidisha mwendo. Mpishe, ni adabu, na siku moja anaweza kuwa anakuja kwako.

Kipimo kinachotumika kwa vikosi vya kujitolea ni kiwango cha 1720 cha NFPA, chama cha taifa cha kinga dhidi ya moto. Eneo la vijijini, lenye watu chini ya 500 kwa maili moja ya mraba, lengo ni watu 6 eneo la tukio ndani ya dakika 14, angalau mara 80 katika kila 100. Eneo lenye watu 500 hadi 1,000, ni watu 10 ndani ya dakika 10. Palipobanana zaidi, watu 15 ndani ya dakika 9, mara 90 katika 100. Kampuni nzuri huifikia ile ya vijijini bila jasho usiku na mwisho wa wiki.

Sasa weka namba hiyo pembeni mwa nyingine. Sebule ya leo ina sofa la sponji, zulia la nailoni na televisheni ya plastiki. Majaribio ya maabara yameonyesha chumba cha namna hiyo kikilipuka chote kwa pamoja, kila kitu kikishika moto mara moja, chini ya dakika 5 tangu mwali wa kwanza. Samani za zamani za mbao na pamba zilichukua karibu nusu saa. Dakika 14 dhidi ya 5: hesabu haikai, na hakuna gari jipya la kuiweka sawa. Kwa hiyo zile dakika za mwanzo ni zako mwenyewe: kengele za moshi zinazofanya kazi (zina umri wake, miaka 10 tangu kutengenezwa, tarehe imeandikwa mgongoni), na milango ya vyumba ifungwe watu wakilala. Mlango wa kawaida wa mbao, ukiwa umefungwa, huzuia moshi na joto kwa dakika za kutosha mtu kupatikana hai. Mafuta ya maandazi yakiwaka jikoni, funika kwa mfuniko na uzime jiko; maji usimwage, yatayarusha mafuta yanayowaka hadi kwenye makabati.

Maji ya kubeba

Hapa ndipo tunapowapa alama za juu, na ndipo ufundi wao hauonekani na mpita njia.

Mjini kuna haidranti. Hata rangi zake zina maana pale zinapopakwa kwa kufuata mwongozo wa NFPA 291: buluu hutoa galoni 1,500 kwa dakika au zaidi, kijani 1,000 hadi 1,499, machungwa 500 hadi 999, nyekundu chini ya 500. Mashambani hakuna buluu wala nyekundu. Kuna maji yaliyomo ndani ya gari, kisha bwawa la mtu.

Enjini hufika na galoni 500 hadi 1,000. Mpira wa kwanza kushushwa huwa wa inchi 1¾, yaani milimita 44, urefu wa futi 200, umekunjwa ukiwa tayari umeungwa kwenye pampu. Ukiwa na nozeli (mdomo wa mpira) ya tundu laini ya inchi 7/8 kwa shinikizo la psi 50 (pauni kwa inchi ya mraba), hutoa galoni 160 kwa dakika, kama lita 600. Ndani ya mpira huo msuguano hula psi 40 kwa kila futi 100. Mwendesha pampu hujumlisha: 80 za futi 200, 50 za nozeli, anaweka 130. Akiweka pungufu, aliye ndani anapata mchirizi. Akizidisha, mpira unakuwa nyoka na watu wawili hawaumudu. Mkunjo mmoja kwenye kona ya mlango huharibu hesabu yote, ndiyo maana utamwona mmoja amesimama mlangoni "bila kazi". Kazi yake ni kuusukuma mpira na kuunyoosha.

Kwa mwendo huo, tangi la galoni 500 linakwisha kwa dakika 3 na sekunde chache. La 1,000, dakika 6 na robo. Moto wa chumba kimoja huzimika kabla ya hapo. Nyumba ikishika yote ni habari nyingine. Kanuni ya haraka wanayotumia ni urefu mara upana kwa futi, gawanya kwa 3, kwa kila ghorofa inayowaka: nyumba ya futi 40 kwa 30 inataka galoni 400 kwa dakika. Galoni 400 kila dakika, mahali pasipo na bomba.

Wanazipataje? Kwa foleni ya maboza. Barabarani mbele ya nyumba hutandikwa turubai, juu yake likafunguliwa tangi la kukunja: fremu ya chuma, kitambaa kizito cha vinili, galoni 2,000 hadi 3,000. Upande wenye mkono wa kutolea maji huwekwa mteremkoni. Ukiwekwa upande wa mlimani utajua mwishoni, wakati wa kulimwaga. Enjini inatumbukiza humo mpira mgumu wa kufyonzea wa inchi 6 wenye chujio la chini, mwendesha pampu anavuta hewa kwa pampu ndogo ya kuanzishia, na maji yanatakiwa yapande ndani ya sekunde 30 kwa pampu za hadi galoni 1,250, sekunde 45 kwa kubwa zaidi.

Yasipopanda, karibu kila mara ni hewa inayoingia mahali. Wanakagua kwa mpangilio: gasketi ya kiungio cha mpira mgumu (punje moja ya kokoto yatosha kuiharibu), koki za kumwagia maji zilizosahauliwa wazi, kifuniko cha mlango mwingine wa pampu ambacho hakikukazwa. Wakifyonza bwawani kwa chujio la kawaida, wanahitaji kina cha angalau inchi 24 juu yake, la sivyo maji yanazunguka kama kwenye sinki na pampu inameza upepo. Majani ya vuli huziba chujio. Barafu ya Januari hukatwa kwa msumeno wa mnyororo kwanza. Baadhi ya mabwawa yana "haidranti kavu", bomba la plastiki la inchi 6 lililozikwa kutoka bwawani hadi kando ya barabara. Halina shinikizo lolote, ni mrija tu, lakini huokoa kazi yote ya kubeba mipira migumu kwenye matope. Ukiona bomba la namna hiyo karibu na nyumba unayotaka kununua, ni neema.

Boza sasa. Chukua moja la galoni 3,000. Toa asilimia 10 kwa kinachomwagika na kinachobaki tangini: 2,700. Bwawa liko maili 2. Kwenda ni dakika 4, kurudi 4. Kujazwa kwa pampu ya galoni 1,000 kwa dakika ni dakika 3, kumwaga kwa vali kubwa ya inchi 10 ni dakika 3 nyingine, na kuunga, kurudi nyuma na kujipanga ni 2. Jumla dakika 16. Gawanya: boza moja linaleta galoni 170 kwa dakika. Mawili hayafikishi 400 zetu. Matatu yanapita. Ndiyo maana kwenye moto wa shamba utaona maboza ya vitongoji vitatu yakizungukana, nawe usidhani ni fujo. Chifu mwenye akili huyaita yakiwa hayajahitajika, kwa kuwa akingoja hadi maji yapungue, boza la jirani liko dakika 15 mbali.

Kinachoharibu foleni hii ni njia nyembamba ya shamba. Maboza mawili hayapishani, la kwanza linakwama nyuma ya la pili, na galoni 170 zinakuwa 90. Makosa mengine yako kwa dereva. Galoni 3,000 ni zaidi ya tani 11 za maji. Tangi lililo nusu ni baya kuliko lililojaa kwa vile maji yanapata nafasi ya kuyumba licha ya kuta za ndani, na maboza kupinduka ni miongoni mwa njia zinazoua wazimamoto wa kujitolea nchini humu. Dereva wa boza anayekwenda taratibu kwenye kona usimzomee.

Viungio vya mipira ni somo lililolipiwa ghali. Moto mkubwa wa Baltimore, Februari 1904, uliwakuta wazimamoto waliotoka Washington, Philadelphia na New York wakishindwa kuunga mipira yao kwenye haidranti za pale, meno ya skrubu hayakulingana. Baada ya hapo kikawekwa kipimo cha taifa, meno 7½ kwa inchi kwa mpira wa inchi 2½. Miji kadhaa bado ina meno yake ya zamani, na enjini za mipakani hubeba sanduku la adapta. Kwa mipira mikubwa ya inchi 5 wengi wametumia viungio vya Storz, visivyo na dume wala jike: unakutanisha, unazungusha robo, imeshika.

Wakiingia ndani

Sheria ya kazi ni wawili ndani, wawili nje. Haingii mtu peke yake, na nje wanabaki wawili waliovaa kamili tayari kuwafuata. Jumlisha mwendesha pampu na ofisa: watu sita. Sasa unaelewa ile 6 ya kiwango inatoka wapi, na kwa nini enjini iliyofika na watu watatu inaweza kusimama nje ikimwagia maji dirishani huku wewe unapiga kelele waingie. Wakiambiwa kuna mtu ndani, mahesabu hubadilika na wanaweza kuingia. Basi ukitoka nje, jambo la kwanza kumwambia ofisa ni hili: wote tumetoka, au fulani yuko chumba kile. Usimwambie habari ya pasipoti kabla ya hiyo.

Kila anayeingia huacha kibao chenye jina lake kwa anayehesabu watu, akitoka anakichukua. Mgongoni ana mtungi wa hewa. Ule unaoitwa wa dakika 30 hudumu pengine 15 hadi 20 kwa mtu anayefanya kazi ngumu, na ikibaki theluthi moja kengele yake inalia: muda wa kutoka. Kifuani ana king'ora kidogo kinacholia chenyewe akikaa bila kujongea kama nusu dakika. Ukisikia sauti kali isiyokoma kutoka ndani, mzimamoto ameanguka au ameishiwa, na shughuli yote inageuka kumtafuta yeye.

Malalamiko tunayoyaona yana haki nusu ni ya ubomoaji. Wanavunja madirisha, wanatoboa paa, na moto ukishazimika wanapasua dari na kuta. Kutoboa paa kunatoa moshi na joto ili walio chini waone. Kukifanywa kabla maji hayajawa tayari, kunaulisha moto hewa, na hilo ni kosa lao likitokea. Kupasua kuta baada ya moto, hatua inayoitwa "overhaul", ni lazima kuliko watu wanavyodhani. Nyumba nyingi za zamani za huku zimejengwa nguzo zikipanda moja kwa moja kutoka msingi hadi paa, bila kizuizi kati ya ghorofa, na kaa lililojificha ukutani linaibuka juu saa nne baadaye. Kamera ya joto imepunguza kubahatisha, haijaondoa mtaimbo. Unachoweza kudai ni turubai: wakati moto uko chumba kimoja, vyombo vya vyumba vingine vikusanywe katikati na kufunikwa kabla dari halijashushwa. Kampuni yenye mafunzo hufanya hivyo bila kuombwa. Yenye haraka husahau.

Maneno mawili ya redio yanachanganya watu. "Knocked down" maana yake mwali umepigwa chini. "Under control" maana yake hauenei tena. Hakuna hata moja linalosema umezimika. Usirudi ndani kuchukua simu.

Bei, na mahali fedha inapotoka

Kwa kawaida hakuna ankara ya kuja kuzima moto. Baadhi ya vitongoji hutoza kodi ya zimamoto ndani ya kodi ya mali. Zilizobaki ni barua ya mchango inayokuja kwa posta kila mwaka, bingo, kuku wa kuchoma wanaouzwa barabarani Jumamosi, na katika Kaunti ya Lancaster zile minada ya majira ya kuchipua waiitayo "mud sales", minada ya matope, jina lililotokana na viwanja vinavyoyeyuka theluji. Huko mablanketi ya kushonwa na Waamishi, farasi na zana za shamba hugeuka mipira na mitungi. Kuku ni wazuri, fika kabla ya saa sita.

Chanzo kingine kinaitwa kodi ya bima ya moto ya "kigeni", asilimia 2 ya malipo. Kigeni hapa si Kenya wala Uchina; ni kampuni yoyote ya bima iliyoandikishwa nje ya Pennsylvania, hata kama ni ya jimbo la jirani. Fedha hiyo huenda kwenye vyama vya misaada vya wazimamoto wa kujitolea, na hukaguliwa na serikali ya jimbo.

Bei unayoilipa bila kuiona iko kwenye bima ya nyumba. Maeneo hupewa daraja la PPC, kipimo cha ubora wa zimamoto ya eneo, kutoka 1, bora kabisa, hadi 10. Nyumba iliyo ndani ya futi 1,000 za haidranti na maili 5 za barabara kutoka kituo hupata daraja zuri. Iliyo ndani ya maili 5 lakini mbali na haidranti hupata lililo baya kuliko hilo, na ukivuka maili 5 mara nyingi ni 10. Kampuni inayoweza kuthibitisha kwamba maboza yake yanaleta galoni 250 kwa dakika kwa saa 2 mfululizo inaweza kuwaboreshea daraja hata wasio na haidranti. Kwa hiyo ile foleni ya maboza ni punguzo la bima pia. Si kila kampuni ya bima hutumia PPC, uliza wakala wako.

Tatizo la mchana limebaki. Pennsylvania ilikuwa na wazimamoto wa kujitolea kama 300,000 miaka ya 1970. Ripoti ya tume ya jimbo ya 2018 ilikadiria 38,000. Viwanda vya kijijini vilivyowaruhusu wafanyakazi kutoka king'ora kikilia vimepungua, watu wanafanya kazi saa nzima ya mwendo kutoka nyumbani, na mafunzo yameongezeka: ngazi ya kuanzia ina moduli nne, zaidi ya saa 150, na moto wa ndani ya nyumba unakutana nao ile ya mwisho. Kampuni zinazojua hali yao huitana mbili au tatu kwa wakati mmoja mchana, au huajiri madereva wa mchana. Zisizokubali hali yao hungoja dereva huku peja ikirudia mlio mara ya pili na ya tatu, na hilo ndilo doa kubwa la huduma hii.

Nafasi hiyo, kwa mtu anayefanya zamu za usiku kwenye ghala au machinjio ya kuku, ni mlango ulio wazi. Vijana huanza kuanzia miaka 14 kwa kazi zilizowekewa mipaka. Mavazi na mafunzo hutolewa bure. Asiyetaka kuingia motoni anaweza kuwa "fire police", wanaojitolea kuongoza magari na kufunga barabara, kazi ambayo Kiingereza cha wastani na fulana ya kuakisi mwanga vinaitosha.

Kabla hujasaini nyumba, pita kituoni jioni ya mazoezi. Ni usiku mmoja wa wiki na milango ya gereji huwa wazi. Uliza mchana Jumanne wanatoka watu wangapi na nani anaitwa pamoja nao. Uliza maji ya karibu na anwani yako wanayachota wapi. Uliza kama boza lao linapita kwenye njia yako na kama lina pa kugeuzia. Kisha ununue kibao cha namba ya nyumba cha kijani kinachoakisi mwanga, kampuni nyingi huviuza zenyewe, ukiweke mwanzo wa njia, pande zote mbili zisomeke, juu ya usawa wa theluji.